Mlima ndani ya jalada: jinsi ya kuchonga na kuchapa kibandiko cha kitabu chenye mandhari

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu anayeishi Morogoro. Kila kitabu alichowahi kununua amekiandika kwa kalamu kwenye ukurasa wa kwanza: "Mali ya", kisha jina, kisha mwaka. Kwenye vitabu vya zamani wino umepenya hadi ukurasa wa tatu. Aliponiomba nimtafutie njia nyingine, nilimchongea kibandiko: karatasi ya sentimita 6 kwa 9 inayobandikwa ndani ya jalada la mbele, yenye jina lake na mlima anaouona akiwa barazani. Kazi ilinichukua wikiendi tatu. Naieleza yote hapa ili nawe uweze kumfanyia mtu unayempenda, au ujifanyie mwenyewe.

Vibandiko vya namna hii vilianza Ujerumani katika karne ya 15, vitabu vilipokuwa ghali na mtu akiwa na vichache anavijua kimoja kimoja. Kimojawapo cha zamani kabisa ni cha Hildebrand Brandenburg wa Biberach, cha mnamo 1480, chenye malaika aliyeshika ngao. Kilichapwa kwa ubao wa mti, kikapakwa rangi kwa mkono, na kubandikwa kwenye vitabu alivyowapa watawa wa Buxheim. Nia yake ataitambua yeyote aliyewahi kufungua msahafu wa msikitini na kukuta neno "wakfu" limeandikwa mwanzoni. Muda mfupi baadaye mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alimchorea rafiki yake Willibald Pirckheimer kibandiko chenye maneno ya Kilatini Sibi et amicis, yaani "kwa ajili yake na marafiki". Nayapenda maneno hayo kuliko "mali ya", kwa sababu yanakubali kwamba kitabu kizuri lazima kitaazimwa.

Kwa muda mrefu vibandiko vilijaa ngao na nembo za koo. Aliyenifundisha kuweka mandhari, ingawa alifariki mwaka 1828, ni Thomas Bewick wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1753 huko Cherryburn, kando ya mto Tyne, akajifunza uchongaji tangu akiwa na miaka 14. Badala ya kuchonga ubao uliopasuliwa kwa urefu wa mti, alichonga uso wa gogo lililokatwa kwa upana, mti mgumu uitwao boksi, akitumia vyombo vya wachonga metali. Hapo nyuzi za mti hazimbishii mchongaji, na mstari unaweza kuwa mwembamba kama unywele.

Ukivitazama vibandiko vyake utakuta jiwe kubwa, mti umeuinamia, kijito, na kwa mbali labda mnara wa kanisa la St Nicholas la Newcastle. Jina la mwenye kitabu limeandikwa juu ya jiwe lenyewe. Halikuwekwa chini ya picha kama maelezo ya gazeti. Liko ndani ya nchi, kana kwamba mtu amepita hapo akalichora. Hilo ndilo nililoliiga, na ndilo ninalokusihi ulishike kuliko yote yatakayofuata: jina likae ndani ya mandhari. Picha nzuri yenye jina lililopachikwa chini ni kadi tu.

Maneno na ukubwa kwanza

Kabla ya kushika penseli, amua maneno. "Kitabu cha" ni ya upole, "Maktaba ya" inafaa nyumba nzima, "Mali ya" ina ukali wa bweni la shule. Wazungu wengi hutumia Ex libris, "kutoka katika vitabu vya", lakini sioni kwa nini msomaji wa Kiswahili aazime Kilatini wakati ana lugha yake. Maneno yakiwa machache herufi zinakuwa kubwa, na herufi kubwa huchongeka. Mjomba alichagua "Kitabu cha" na jina lake. Nilimshawishi aache cheo na mwaka.

Kisha pima kitabu kidogo kuliko vyote alivyonavyo mhusika. Kibandiko kisizidi nusu ya upana wa jalada lake. Kwa riwaya na tamthiliya za kawaida, karatasi ya sentimita 6 kwa 9 inatosha, na picha yenyewe iwe sentimita 5 kwa 7 hivi ili ibaki pambizo nyeupe pande zote. Pambizo hiyo usiionee choyo. Ndiyo inayoifanya picha ndogo ionekane kama dirisha.

Kuitafuta mandhari

Usichonge kutoka kwenye picha ya simu peke yake. Nenda ukakae mahali penyewe. Saa sita mchana mlima wa kwetu ni bapa kama ukuta, kwa kuwa jua liko utosini na mabonde hayana kivuli. Nenda saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala, uone kila mgongo wa mlima ukitupa kivuli juu ya mwenzake. Vivuli hivyo ndivyo vitakavyokuwa wino wako.

Chora michoro midogo mingi, kila mmoja kwa ukubwa uleule wa kibandiko. Usichore mikubwa ukitegemea kuipunguza: ukichora kwenye karatasi ya A4 utaweka majani, nyasi na mabati ya kila nyumba, na vyote vitageuka matope vikipunguzwa. Tumia kalamu nene nyeusi, maana penseli inakuruhusu rangi ya kijivu, na kwenye mchongo kijivu hakipo. Kuna nyeusi, kuna nyeupe, na kuna mistari inayolidanganya jicho kwamba kuna kitu kati ya hizo mbili.

Mandhari ndogo husimama kwa tabaka tatu. La karibu liwe jeusi karibu lote: shina la mti, jiwe, ukingo wa baraza. La kati liwe nusu kwa nusu. La mbali libaki na mistari michache inayofuata mteremko wa mlima, na mbingu uiache nyeupe, au mistari miwili mitatu ya mlalo. Kwa mjomba, tabaka la karibu lilikuwa mwembe wa uani na jiwe chini yake, la kati mapaa na migomba, na la mbali safu ya Uluguru na kilele cha Bondwa, kile chenye minara ya mawasiliano juu ya mji.

Minara hiyo niliiondoa. Nilimpelekea mchoro, akauinua kwenye mwanga, akautazama kwa muda.

"Mpwa wangu, mbona mlima umeunyoa?"

"Niliona minara inaharibu picha, mjomba."

"Ndiyo ninayoiona kila asubuhi. Irudishe."

Niliirudisha, na ndiyo iliyoifanya picha iwe ya Morogoro badala ya kuwa ya mlima wowote wa kalenda. Kwa hiyo mwonyeshe mwenye kitabu mchoro kabla hujachonga. Atakuambia kitu ambacho wewe usingekiona.

Vifaa

Nilitumia lino, yaani linoleamu halisi ya kuchongea. Hutengenezwa kwa mafuta ya kitani yaliyogandishwa pamoja na unga wa koki, lile gome la kutengenezea vizibo vya chupa, juu ya kitambaa cha juti. Mwingereza Frederick Walton aliibuni katika miaka ya 1860 iwe ya kutandika sakafu, wasanii wakaichukua baadaye. Haina nyuzi, kwa hiyo kisu kinakwenda upande wowote. Ukiikosa kwenye maduka ya vifaa vya sanaa, jaribu raba laini ya kuchongea mihuri, au zulia la plastiki la sakafuni, lile nene lisilo na sponji chini. Raba ni rahisi kuchonga lakini mistari myembamba hulegea. Zulia ni gumu zaidi na huteleza.

Utahitaji pia vipatasi vidogo viwili, kimoja chenye ncha ya umbo la V na kingine la U, kisu chenye wembe mkali, rola ndogo ya mpira, kipande cha kioo, wino mweusi wa mafuta wa kuchapia, kijiko cha mti chenye mgongo laini, karatasi angavu ya kunakilia, na penseli laini ya 4B au zaidi. Kama una bajeti ya kitu kimoja tu kizuri, kiwe kipatasi cha V. Kipatasi butu ndicho kinachokata watu vidole, kwa sababu unakisukuma kwa nguvu kisha kinachomoka ghafla.

Kuhamisha mchoro, na herufi

Kinachochapwa hutoka kimegeuzwa kama kwenye kioo. Njia rahisi ya kulimaliza tatizo hili ni hii: nakili mchoro wako kwenye karatasi angavu kwa penseli laini, igeuze ili upande wenye penseli uguse lino, ibane kwa utepe wa gundi isisogee, kisha sugua mgongoni kwa kijiko. Penseli itaachia mchoro kwenye lino ukiwa umegeuka, na ukichapa utarudi sawa. Pitia mistari kwa kalamu ya wino usiofutika ili mkono usiufute wakati wa kuchonga.

Hapo kwenye kupitia mistari ndipo nilipoharibu lino ya kwanza. Majina yetu yana A, I, M na U nyingi, na herufi hizo hazibadiliki zikigeuzwa, kwa hiyo macho yanazoea na kujiamini. Kisha inakuja N. Niliiona imegeuka, mkono ukaisahihisha bila kuniuliza, nikaichonga ikiwa sawasawa. Kwenye karatasi ilitoka kinyume, katikati ya jina la mtu aliyefundisha watoto kuandika maisha yake yote. Nilianza upya. N, S, Z, J, K, R: ziguse moja moja, na kabla ya kukata, isome lino yako kwenye kioo cha ukutani. Kioo kinakuonyesha hasa kitakachochapwa.

Kuhusu herufi zenyewe, nakushauri uchonge jina kama herufi nyeupe juu ya jiwe jeusi. Herufi nyeupe ni kijia kimoja cha kipatasi kwa kila mstari. Herufi nyeusi inakutaka uondoe kila kitu kinachoizunguka na uiache imesimama yenyewe, kazi ngumu mara tatu kwa urefu wa milimita chache. Zisiwe fupi kuliko milimita 4. Ziandike kwa umbo rahisi, na ziinamie kidogo kufuata mgongo wa jiwe, ndipo zitakapoonekana zimechorwa juu yake.

Kuchonga

Iweke lino juani dakika kumi. Ikipata joto hukatika kama siagi ya asubuhi, na ikiwa baridi huvunjika kingo. Ikaze mezani kwa kuiegemeza kwenye kipande cha ubao, na mkono usioshika kipatasi ukae nyuma ya ncha, siku zote. Kwenye mikunjo, igeuze lino, usikigeuze kipatasi.

Anza na jina. Ukilikosea, umepoteza saa moja tu badala ya siku nzima. Baada ya hapo chonga mistari ya mlima, kisha tabaka la kati, na mwisho mti wa mbele, ambao hautaki kazi kubwa. Unapokata pembeni ya mstari mweusi mwembamba, kama ile minara, kata ukiinamisha kipatasi ili mstari uwe na kitako kipana kuliko kichwa chake, kama kichuguu. Ukikata wima au kwenda ndani, mstari utavunjika rola ikipita. Minara yangu niliiacha na unene wa karibu milimita moja, na hakuna uliovunjika.

Kumbuka unachonga mwanga. Kabla hujaanza, lino yote ni usiku, na kila unachoondoa ni mahali jua lilipofika. Basi jiulize jua liko upande gani, kisha ukate upande huo wa kila kitu: upande mmoja wa shina, upande mmoja wa kila mgongo wa mlima, juu ya jiwe lakini siyo chini yake. Ukilifuata hilo, hata mistari michafu itaelewana.

Bewick alikuwa na mbinu moja zaidi, nayo ni tamu. Sehemu za mbali za picha alizikwangua zikawa chini kidogo ya uso wa ubao, ili zibanwe kwa nguvu ndogo na kutoka hafifu, kama milima inavyofifia kwa ukungu. Kwenye lino unaweza kuupitisha msasa laini juu ya mlima mara chache kabla ya kuuchonga. Uwe mwangalifu, ukizidisha rola haitaufikia kabisa. Mimi sikugusa msasa. Niliubana mlima kidogo kuliko mti wakati wa kusugua kwa kijiko, na asubuhi ya Uluguru ikatokea.

Kuchapa

Chagua wino wa mafuta. Ule wa maji husafishika kirahisi, lakini kwenye joto letu hukauka juu ya kioo kabla hujachapa nakala ya tano. Wino wa mafuta husafishwa kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, kisha sabuni.

Weka wino kidogo kwenye kioo, mdogo kuliko unavyodhani, uutandaze kwa rola mpaka usikie mlio mwembamba wa kunata, kama chapati inapoanza kushika kwenye kikaango. Rola ikiteleza kimya, wino ni mwingi na utaziba herufi. Ipitishe kwenye lino kwa tabaka nyepesi, mara kadhaa, kwa pande tofauti. Laza karatasi juu, ishike kwa kidole kona moja, na usugue kwa kijiko kwa miduara midogo. Inua kona kuchungulia kabla ya kuibandua yote.

Nakala tatu za kwanza ni za kukusomesha. Usizitupe. Zipigie alama kwa kalamu nyekundu mahali palipoziba au palipobaki vijiti vya lino visivyotakiwa, kisha osha, rekebisha, chapa tena. Ili picha ikae mahali pamoja kila mara, chora kwenye kadi mstatili wa karatasi na ndani yake mstatili wa lino, uvifuate hivyo.

Karatasi iwe ya gramu 80 hadi 120 kwa mita ya mraba, isiyo na asidi kama ipo, nyeupe ya maziwa badala ya nyeupe kali. Na hili wengi hawalijui: karatasi ya kiwandani ina mkondo wa nyuzi, na ikilowa hutanuka kwa upana wa mkondo. Loanisha kipande upande mmoja kitajikunja kama mkeka, na nyuzi zinafuata urefu wa mkunjo huo. Kata vibandiko vyako ili nyuzi ziende juu chini, sambamba na mgongo wa kitabu. Ukikosea, jalada litapinda baada ya kubandika na halitanyooka.

Anika nakala kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Mafuta ya kitani yaliyo ndani ya wino hukauka kwa kuvuta hewa, hayakauki kwa kupoteza maji, kwa hiyo subiri siku kadhaa, na wakati wa masika subiri zaidi. Kipimo changu ni kitambaa cheupe: kikipita juu ya picha bila kuchafuka, tayari.

Ukitaka kuzibadilisha na wakusanyaji, maana wapo duniani kote, saini kwa penseli chini ya picha na uandike X3, alama wanayoitumia kwa mchongo wa lino. X1 ni ubao wa kawaida, X2 ni ule uso wa gogo wa Bewick.

Wapo watakaochapa nakala moja nzuri, waiskani kwa dipiai 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, na kutoa kopi za leza steshenari. Sioni ubaya, hasa kwa maktaba ya vitabu mia tano. Ila usitumie karatasi ya stika: gundi yake hugeuka njano na kuvuja kwenye jalada baada ya miaka michache, na kuiondoa ni kuchuna kitabu.

Kubandika

Gundi bora ni ile ya wanga tuliyobandikia vishada utotoni, ikipikwa kwa uangalifu zaidi. Changanya kijiko kimoja cha unga wa ngano au muhogo na vijiko vitano vya maji baridi mpaka mabonge yaishe. Weka moto mdogo, koroga bila kuacha hadi ugeuke uji mzito unaong'aa, uchuje kwa kitambaa, uache upoe. Mafundi wa vitabu wa zamani walitia mafuta ya karafuu ili gundi isivunde, na kwetu karafuu hazikosekani. Tone moja linatosha. Faida ya gundi hii ni kwamba mtu akitaka kukiondoa kibandiko baada ya miaka hamsini, maji kidogo yanatosha. Gundi nyeupe ya seremala haitoki tena.

Ipake nyembamba kabisa, kuanzia katikati kwenda nje. Mende na mchwa wanaupenda wanga, na gundi iliyofurika pembeni ni kuwaandalia karamu. Subiri dakika moja karatasi itulie, ilaze ndani ya jalada la mbele, katikati, juu kidogo ya nusu, kisha ibonyeze kwa karatasi safi juu yake. Weka karatasi ya nta kati ya kibandiko na ukurasa wa kwanza ili visishikane, funga kitabu, na uweke vitabu vizito juu yake.

Usibandike juu ya jina la mwenye kitabu aliyetangulia, wala kwenye hati ya mkono ya zamani. Kwenye vitabu vyake vya miaka ya nyuma, mjomba aliomba vibandiko viwekwe ubavuni mwa ule wino wake uliovuja, visiufunike. Tulibandika ishirini na sita siku ya kwanza, mezani kwake, madirisha yakiwa wazi, tukavipanga chini ya mashine yake ya cherehani mpaka asubuhi.